Hesabu Tatu Tatu

Mara ya tatu nateremka shuleni Tukuyu,
barua ya daktari wa Mbeya kwapani,
ndani ya mfuko wa sukari, isilowe.
Mwalimu Mkuu anaisoma akiwa amesimama.
"Mama Gwamaka, huyu mtundu tu. Fimbo ipo."

Ipo. Alama zake nilizihesabu juzi usiku
kwa tochi ya simu.

Mwanangu husikia mvua ingali Rungwe,
kalamu ya jirani, inzi, lori la chai;
sauti ya mwalimu inapanga foleni.

Getini ananikimbilia Mwalimu Tusekile,
chaki mkononi:
"Nimemhamishia mbele. Hesabu nampa tatu,
anafuta ubao,
nampa tatu nyingine."

Sikupata la kusema.
Nikamwuliza kama anapenda maparachichi.