Barua ya Sifa

Wameniuliza, kwa fomu yenye kurasa nne,
kama Bi. Asekenye Petronila anaweza kufundisha.
Hospitali iko ng'ambo, katika mji ambao jina lake
nimelitamka mara tatu na bado halikai mdomoni.
Wanataka jibu kabla ya Ijumaa.

Leo Soroti jua limekaa juu ya mwamba
kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.
Nimefunga mlango wa ofisi.
Nikisema kweli, nimempoteza.
Nikisema uongo, nimejipoteza mimi.

Niandike nini? Kwamba ana shahada ya uzamili
na bado huchemsha mwenyewe maji ya kuoshea vifaa?
Kwamba mwanasesere wetu wa mazoezi hana mkono wa kushoto
tangu mwaka wa mafuriko, naye akaenda sokoni
akarudi na gunia la machungwa?
"Ganda la chungwa na ngozi ya mtu ni ndugu wa mbali.
Dungeni polepole. Hata chungwa lina mwenyewe."
Wanafunzi tisini na wawili, machungwa tisini na mawili,
kwa pesa yake. Risiti ninayo.
Mhasibu aliikataa: matunda hayamo
kwenye bajeti ya uuguzi.

Faili lake liko mbele yangu, limenona kwa maombi.
Kupandishwa cheo: linasubiri kikao.
Kupandishwa cheo, mara ya pili: kikao kinasubiri wajumbe.
Paa la nyumba namba saba: fundi ataletwa.
Siku moja kwa wiki afanye utafiti wake
juu ya vidonda vya akina mama waliojifungua kwa upasuaji:
hapo pembeni nimeandika, kwa mkono wangu,
"Tutaona."
Mwandiko mzuri. Niliona nini?

Sisi tulimpa beseni.
Siku ya wauguzi, mbele ya mgeni rasmi,
beseni la plastiki na cheti kilichokosea jina lake.
Akapiga goti, akapokea, watu wakapiga vigelegele.
Usiku mvua ikaingia nyumba namba saba
na beseni likapata kazi.

Wito haulipwi, nimewahi kusema jukwaani,
nikiwa nimeshiba.

Saa nane anagonga. Mikono yake inanukia machungwa.
"Yoga, mkuu. Umeandika?"
"Nimeandika."
"Umesema nini?"
"Ukweli."
Anatazama dirishani kitambo.
"Basi nishaondoka," anasema,
hacheki, wala hasikitiki.
"Lakini saa tisa nina darasa la mwaka wa kwanza.
Nisaidie gunia."

Tunalibeba, yeye pembe hii, mimi pembe ile.
Sikujua uzito wake. Miaka sita, sikujua.
Darasani msichana wa kiti cha mbele
mkono unamtetemeka, sindano inacheza hewani.
Asekenye hamshiki. Anasimama karibu tu:
"Pumua kwanza wewe. Mgonjwa atakufuata."
Msichana anapumua. Darasa zima linapumua.
Nami, mlangoni, nimepumua bila kukusudia.

Barua iko mfukoni, haijapigwa muhuri.
Upande wa Katakwi mawingu yameanza kusukumana.
Natoka nje, namtafuta mlinzi,
namwuliza
ngazi ya chuo iko wapi.