Kabla ya Kulipa

Sitaki kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.
Basi nilipanda hadi ghorofa ya nne, mjini Bytom,
na bisibisi, tochi ndogo,
diski moja ambayo mikwaruzo yake naijua kwa majina,
na zloti mia nne nisizokusudia kuzitoa zote.

Bi Genowefa alifungua kwanza kwa mnyororo.
"Wewe ndiye wa mashine?"
Ndimi. Nikavua viatu.
Januari ilikuwa bado imenigandia masikioni.

Mashine ya gemu ilikaa juu ya kabati,
imefunikwa kitambaa cha kufuma
kama keki ya ubatizo.

Nilianza na pua,
maana moshi wa sigara haufutiki kwa kitambaa.
Nikanusa matundu ya feni: vumbi, na kabichi.
Kisha lakiri, ile karatasi juu ya skrubu ya nyuma:
haijachanwa, hakuna fundi aliyeingia humo
akatoka na kitu.
Nikamulika tundu la waya wa runinga. Meno yote yamenyooka.
Nambari ya mgongoni ikalingana na ya kwenye boksi.
Boksi analo! Nani siku hizi anatunza boksi?
"Yeye hutupa," alisema. "Mimi huokota."

Tukaiwasha. Niliomba dakika ishirini,
kwa sababu mashine mgonjwa huwa mzima dakika tano za mwanzo,
kama mgeni mwenye adabu.
Feni ikavuma, haikulia.
Diski ikamezwa, ikatapikwa, ikamezwa tena.
Pedi ya kwanza, safi. Ya pili, nilipoiachia,
mtu wangu kwenye skrini akaendelea kwenda kushoto,
mwenyewe, hajatumwa,
akafika ukutani
akawa anatembea pale pale.
"Hii ina kasoro."
"Hiyo ndiyo yangu," akasema. "Nilikuwa nacheza naye."

Nikatoa zloti thelathini kichwani, nikanyamaza.

Halafu jina.
Pembe ya juu: TYMON, na kiduara cha kijani.
Hapa ndipo wengi wanapolia. Unabeba nyumbani
chuma kizima, chenye afya,
kumbe bado ni cha mtu,
na siku akiamua kukifunga huko aliko
wewe unabaki na kitu cha kuzuilia mlango.

"Lazima aliondoe mwenyewe, mama. Nywila anayo yeye."
"Yuko Norwei. Kwenye samaki."
"Mpigie."
Aliitazama simu kama mbwa wa jirani.
"Tangu Watakatifu Wote hajapiga.
Nami sikupiga kwa kuwa yeye hakupiga."

Orodha yangu haina mstari wa jambo hilo.

Iliita mara sita.
"Bibi?" Nyuma ya sauti, misumeno ya minofu.
Alianza kwa kumgombeza. Akaendelea na goti,
bei ya makaa, mazishi ya Bwana Alojzy wa chini,
kama anavaa soksi mbili, anazo,
kwa nini basi anakohoa.
Nilikaa sakafuni, chai ikipoa kwenye glasi.
Dakika zangu ishirini zikawa sitini na tano
na feni bado haikulia.
Sijapata kuipima mashine vizuri namna ile.

Mwishowe akanikumbuka.
"Kuna mtu hapa anataka jina lako."
Kimya. Misumeno.
"Unaiuza?"
"Ulisema hurudi."
"Nilisema kiangazi."
"Ulisema pengine."

Kiduara kikazimika. Skrini ikatuuliza, kama haijawahi kutuona,
tunasema lugha gani.
"Na pointi zangu?"
"Zimekwenda, mama."
"Zilikuwa nyingi," akasema, akaenda kutafuta kamba ya kufungia boksi.

Zile thelathini nilizipunguza, ndiyo.
Akazihesabu zilizobaki mara mbili, akasema sawa.
Simu aliiacha mezani, haijakatwa.

Ile pedi ninayo hadi leo.
Nikiiachia, mtu anakwenda kushoto, anafika ukutani, anatembea.
Na mimi ni fundi. Nina spiriti, nina pamba.