Ulimi wa Bi Lài

Kabla jogoo wa pili hajawika
Bi Lài anashuka ngazi ya matope hadi mferejini,
anachovya kidole, anakiramba,
anatema.
Kisha anasimama kidogo, kama mtu anayesoma barua
kutoka kwa asiyemjua.

Kwetu tungesema amekula chumvi nyingi,
tukimaanisha miaka.
Yeye huihesabu kwa ulimi:
mwezi wa pili, chumvi ya chozi;
wa tatu, ya mchuzi wa samaki;
wa nne, usionje.

Mekong haijakosa maji. Imekosa nguvu.
Huko juu, nchi baada ya nchi, wameujengea mto kuta,
maji yanalala nyuma ya zege yakingoja kuwa taa,
na tope jeusi lililokuwa likisafiri nayo bure
limeshushwa njiani
kama abiria asiye na nauli.
Bahari ikaona mlango u wazi.
Haikubisha hodi.

Mpunga, mchele, wali:
sisi tuna jina la shambani, la ghalani, la sahanini.
Hatuna jina la ule wa mwaka juzi,
masuke yamesimama wima, meupe,
hakuna hata moja lililoinama
kwa kuwa hakuna lililobeba kitu.

Ng'ambo ya mfereji Khương anafuga kamba.
Kamba wake wanaitaka chumvi.
"Kilo mbili za hawa," husema, "ni gunia lako zima,"
na si uongo, Bi Lài amepiga hesabu hiyo mara nyingi
nyuma ya kalenda ya duka la mbolea.

Kati yao lango moja la chuma.
Likifunguliwa, mpunga unaungua.
Likifungwa, kamba wanakufa.
Siku ya kikao afisa alikuja na kipimo cha betri:
gramu tatu na nukta mbili.
Bi Lài akaonja glasi ile ile.
"Tatu na nusu. Badilisha betri."
Wakacheka wote, hata Khương.
Halafu wakapiga kura, ishirini na tisa kwa kumi na moja,
lango likafunguliwa.

Jioni Thuận alipiga simu kutoka kiwandani,
anakoshona viatu ambavyo havitakanyaga tope.
"Uza, Mama."
"Umekula?" akamjibu.

Kwa lugha yangu kamba hukatikia pabovu.
Ya Khương ilikatikia majini:
madoa meupe mgongoni, siku nne,
mabwawa matatu yakanuka hadi barabarani.
Mashine za kupigia hewa ziliendelea kuzunguka siku nzima,
hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzizima.
Benki ilikuja kwa pikipiki.

Alfajiri moja Bi Lài alimkuta kwenye ngazi yake,
amekunja suruali, ameinamia maji.
Hakumuuliza.
Alisogea, akamwachia nafasi.
Khương akachovya kidole, akaramba,
akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa.
"Ngapi?"
"Sijui. Ni chumvi tu."
"Onja tena. Usimeze."

Mvua zilikuwa bado wiki tatu, pengine tano.
Ghalani mlikuwa na mbegu ya mama yake,
ile ndefu, mbishi, yenye mavuno haba,
debe moja na nusu.
Hakuitaja siku hiyo.
Alitaka kwanza kujua
kama ulimi wa mtu wa kamba unafundishika.