Mtunza Viatu

Mimi nilikuwa mtunza viatu.
Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kidogo,
na treni haimsubiri anayechechemea,
basi genge likanipa gunia.

Walivua pale pale kwenye kokoto, Inyala,
pale treni ya mizigo inapopandisha kutoka Igurusi
ikihema, ikipunguza mwendo, hadi hatua za mbio za mtoto
zinaifikia ngazi ya behewa.
Peku hushika vizuri, walisema.
Raba huteleza, unyayo una akili.

Jozi saba. Nilizijua gizani, kwa kugusa.
Za Asukile zilifungwa kwa katani.
Za Nzunda zilijazwa gazeti upande wa vidole.
Za Sikujua, nyeusi, za shule,
mama yake alizinunua Mwanjelwa, namba mbili zaidi,
avae mpaka kidato cha nne.

Mimi na gunia tulipanda lori la viazi
tukawahi kuwasubiri Uyole.
Walishuka wakicheka, machozi ya upepo mashavuni,
kila mmoja na hadithi yake:
aliyening'inia kwa mkono mmoja,
aliyewapigia saluti akina mama shambani,
aliyesema upepo una ladha, kama sarafu ukiilamba.
Nilicheka nao. Sitadanganya:
niliwaonea wivu hata vumbi la nywele zao.

Tulikanywa? Tulikanywa.
Mwashitete wa stesheni alitutukana matusi ya nguoni,
akaturushia kokoto, akamfuata baba wa Nzunda mpaka kilabuni.
Tukamwigiza anavyokimbia.

Kisha Julai. Sakitu iliunguza majani ya viazi
na ngazi za mabehewa zilikuja nyeupe, kama zimepakwa chumvi.
Sikujua alinipa viganja vyake nivipashe.
Nikavifikicha. Nikavipulizia.
Nikamwambia, nenda, utapata joto mbele.

Nenda.
Mimi ndiye niliyesema.

Uyole walishuka sita.
Hawakucheka. Walivaa bila kufunga kamba.
Nikamwaga gunia chini, nikalikung'uta,
nikahesabu tena, kana kwamba kosa lingekuwa la hesabu.

Sitaeleza walichokiona waliorudi darajani.
Nitasema hili tu: nguzo ya chuma ile
iko karibu na reli kuliko mkono wa mtu
anayejinyoosha kupiga saluti,
na vidole vilivyokufa ganzi
havijui kwamba vimeachia.

Jioni mama yake alikuja kwetu.
Hakulia. Aliuliza, viatu vyake viko wapi?
Nikavileta. Akaingiza mkono ndani, kimoja baada ya kingine,
akitafuta kitu, sijui nini.
Akasema, bado vilikuwa vikubwa.

Na mchungaji alipolisoma jina kaburini,
Sikujua,
sote sita na mmoja tuliinamisha vichwa,
maana lilisikika kama utetezi wetu,
na hakuna aliyeliamini.

Leo nashona viatu, hapo hapo Inyala,
kibanda cha mabati, hatua arobaini kutoka relini.
Hakuna aliyenichagulia mahali.
Sihubiri. Vijana hawana masikio ya mahubiri;
nasi hatukuwa nayo.

Juzi alikuja mmoja, ndevu hazijaota,
kandambili mkononi, macho yako bondeni.
Nitunzie, fundi, nitazipitia jioni.
Honi ilikuwa imeshalia chini kule.

Nikamwambia keti.
Nina ngozi nzuri hapa, nataka kukupima mguu, bure.
Akaketi, kwa sababu ya lile neno bure.
Nikachukua kamba, nikapima kisigino,
nikapima upinde wa wayo,
nikapima dole gumba, nikasahau, nikapima tena,
nikauliza kovu hili la nini, akaeleza,
nikapima kidole cha pili, cha tatu,
na mabati ya kibanda yakatetemeka,
na mguu wake ukatetemeka mkononi mwangu kama ndege,
nikaushika,
nikapima kidole cha nne,
mpaka behewa la mwisho lilipopita.