Fomu ya Afisa Elimu

Fomu ina safu nne: Jina la Kitabu, Umri, Kurasa, Funzo.
Nimejaza ile ya kurasa peke yake,
maana kurasa huhesabika.

Maktaba yetu hapa Urambo ilikuwa ghala la chama cha msingi.
Tumbaku ilihama, harufu ikagoma.
Kitabu kipya kikikaa wiki mbili rafuni
kinanuka bani;
mtoto akikifungua hupiga chafya kabla ya sura ya kwanza.

Boksi lilishuka na treni ya Kigoma, saa tisa usiku,
likaja kwa baiskeli ya Mlyambelele, limefungwa kwa mpira wa tairi.
Vitabu arobaini, inasema hati.
Nilihesabu thelathini na tisa.
Hicho kimoja sijui kinasomwa na nani huko njiani.
Heri yake.

Sasa niandike nini, Bwana Afisa?

Hiki chembamba, cha mbuzi anayekataa kuvuka reli:
miaka minne hadi sita, wanasema walionituma.
Lakini Nyamizi wa darasa la saba amekiazima mara tatu,
na kila akifika pale treni inaposimama kumsubiri mbuzi
huziba mdomo kwa khanga ya mama yake,
kwa sababu nimebandika ukutani bango: KIMYA.
Nitalibandua.

Hiki cha nyota, chenye picha zinazokunjuka:
kurasa ishirini na nne, moja imeshachanwa.
Aliyeichana alikuja mwenyewe, analia,
akasema alitaka tu mwezi ulale kwao usiku mmoja,
luku ilikuwa imekwisha.
Funzo?

Hiki cha binti anayeziona siku zake kwa mara ya kwanza
katikati ya mtihani wa hesabu,
wasichana wamekivalisha jalada la Jiografia.
Hutoka asubuhi, hurudi jioni, hakiandikwi daftarini,
nami hujifanya sioni.
Umri: waulize mama zao walikuwa na umri gani
walipokosa wa kumuuliza.

Kipo kimoja sikipendi.
Kila ukurasa una mtoto mwema
anasalimia wakubwa, ananawa mikono, mwisho anapewa zawadi.
Hakijaguswa. Hata mende wamekipita.
Ndicho pekee ambacho safu yako ya nne ingekijaa.

Halafu kuna Kapeja.

Miaka kumi na mitano, mabega ya kubebea mizinga;
baba yake hurina asali upande wa Ugalla.
Alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje.
"Nataka cha mdogo wangu. Chenye maandishi makubwa."
Nikampa mbuzi.

Wiki iliyofuata: "Mdogo wangu amekimaliza.
Anauliza kama kuna kirefu kidogo."
Nikampa cha mvulana anayeuandikia mto barua.

Siku ya tatu akarudi nacho, kidole juu ya neno moja.
"Mdogo wangu anauliza, hili linasomwaje?"
Gha. Dha. Bu.
Tulilisoma pamoja, polepole,
kwa niaba ya mdogo wake.

Kapeja ni kitinda mimba. Mtaa mzima unajua.

Jana amekirudisha.
Ukurasa wa hamsini na moja una alama ya gumba, ya asali,
na sisimizi mmoja aliyefia juu ya nukta.
Kanuni inasema faini shilingi mia tano.
Nikamwambia: kamwambie mdogo wako
kipo kingine, kurasa mia mbili, hakina picha hata moja.

Akakipima kiganjani kama anayepima sega,
akakitia ndani ya shati.
"Ataweza," akasema.

Bwana Afisa, fomu nakurudishia ilivyo.
Kwenye safu ya Funzo nimembandika yule sisimizi kwa selotepu.
Ukiona haitoshi, njoo mwenyewe.
Mlango hauna kengele.
Piga chafya tu; tutajua umefungua kitabu.