Mizani ya Nala

Msinidai mizani.
Mizani niliikuta Nala, ya zege na chuma,
saa saba za usiku,
tani ishirini na nane za saruji mgongoni,
na karani akasoma namba bila kuinua uso.
"Pita."

Kwanza lilikuwa darasa. Wiki mbili, Kizota,
bohari la bati, jua la Oktoba,
sisi kumi na tisa kwenye viti vya plastiki
tukinakili: breki za upepo, mahali kioo kisipoona,
na kifungu cha kumi na moja:
ukiondoka kabla ya mwaka, utalipa gharama za kukufundisha.
Nilitia sahihi kwa kalamu ya kuazima.
Kampuni ina malori mia tatu.
Nilidhani katika mia tatu halikosi moja la kunihurumia.

Nikapewa la Yeremia Malogo.
Kitabu cha nyimbo za kanisa juu ya dashibodi,
kando yake kikopo cha ugoro.
Neno lake la kwanza: "Vua viatu."
La pili: "Hapo usiguse."
La tatu lilimezwa na injini,
nikatukanwa kwa kutolisikia.

Gia ya tisa kwenda ya nane, nikaikwaruza.
"Unasaga uwele wa mama yako?"
Bahi tuliikuta na vumbi, Kintinku na giza.
Kitanda ni cha mwalimu.
Mimi nilitandika turubai chini ya tela,
kati ya matairi yaliyokuwa bado ya moto,
nikawa namsikia juu akikoroma,
na alikoroma vizuri, bila kukwaruza.

Posho ya siku ilikuwa elfu kumi.
Ilipitia mkononi mwake, ikanifikia elfu nne,
na chai yake nikanunua mimi.
Nimeosha vioo. Nimekaza nati hadi viganja vikachubuka.
Nimekojoa porini, upepo ukanirudishia.
Siku ya sita nikapiga hesabu:
usukani nimeushika saa tatu.

Manyoni, kurudi, tela limejaa mashudu ya alizeti,
nikaamshwa na mpira unaonyonya.
Tochi ya simu. Vijana wawili, madumu mawili.
Malogo akaniona nimemwona.
"Lala," akasema,
kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake.

Alfajiri akanirushia funguo.
"Leo wewe."
Saranda huanza kama utani.
Barabara inainama kidogo, mara nchi nzima
inafunguka chini, rangi ya ngozi ya ng'ombe,
na tela nyuma yangu likaanza kunisukuma.
Nikakanyaga breki. Nikakanyaga.
Harufu ya kuungua ikaingia dirishani,
mguu wangu ukawa si wangu.
Hakupiga kelele; hilo ndilo lililonitisha.
Akaweka kiganja juu ya mkono wangu, juu ya gia:
"Shuka na gia uliyopandia. Achia mguu.
Chini. Tena chini. Achia, mwanangu."
Lori likanguruma, likatii.
Dakika kumi baadaye alikuwa ananitukana tena,
safari hii kwa sababu ya jasho langu kwenye usukani.

Nala. Madumu mawili ni kilo thelathini na kitu.
Mizani ya malori haioni kitu kidogo hivyo.
"Pita."

Kizota, meneja akaulizia dizeli.
"Kijana ana mguu mzito," Malogo akajibu,
huku anatia vema kwenye fomu yangu: Anafaa.
Wakakata kwangu.
Niliitazama kalamu yake mpaka ikarudi mfukoni.
Nikasema asante.
Nusu ya asante hiyo ilikuwa ya kweli,
na sijui mpaka leo niifanyeje.

Mama akapiga simu kutoka Mvumi:
wamekufundisha nini hasa, mwezi mzima?
Nikamwambia: shuka na gia uliyopandia.
Akanyamaza kidogo.
"Hilo," akasema, "hata punda wangu analijua."