Utomvu wa Zamu ya Usiku

Toyama, theluji imefika madirishani.
Shigeno ameegemeza sikio kwenye mtungi wa chuma:
kresoli, formalini, tindikali kidogo kidogo,
na moto usio na pupa.
Mwaka fulani joto lilimponyoka,
utomvu ukaganda humo humo kama jiwe;
waliuchonga kwa patasi siku tisa.

Leo anayasindikiza maji hadi tone la mwisho,
ubaki ule mzito,
rangi ya asali iliyoungua.

Chumvi ndiyo adui.
Jasho, alama ya kidole,
chembe chache katika bilioni,
na pipa zima linakosa mnunuzi.
Usiku alipopigiwa simu kuhusu kaka yake
alitoka nje kwanza, akalia thelujini,
akanawa, akavaa glavu mpya, akarudi.

Mjukuu anauliza:
"Babu, kwenye simu hii kazi yako iko wapi?"
Haimo.
Mwanga huichora, njia zikishachimbwa
huoshwa yote, kama mbao za zege
zinavyobanduliwa nyumba ikishasimama.

Mtoto ananusa koti lake.
"Unanuka hospitali."

Basi, imo hapo.